Utafiti ufanywe huku watoto waliko

Kuhusu utafiti wa mtindio wa ubongo, naomba kusema jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa ndilo la awali. Wataalamu waliozunguka nyumba kwa nyumba katika Iganga na Mayuge, mashariki ya Uganda, wakachapisha matokeo yao mwaka 2017, walikuta kuwa katika kila watoto 1,000 wapatao 3 wana mtindio wa ubongo. Na walipowarejea baadaye wakabaini, inna lillahi, kuwa hao hufariki zaidi ya mara 20 kuliko wenzao. Basi kabla ya kugharimia mashine za fahari, hatuna budi kuuliza: mama amshikaye kidevu mwanawe mwenye mtindio huo, akamnywesha uji kijiko kwa kijiko hadi ukapoa bakulini, amefundishwa na nani? Wala tusidhani kuwa kila tiba ya ughaibuni yatufaa, kwani kule kuwapoza mwili watoto waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa ili kuukinga ubongo wao, kunakosifika Ulaya, kulipojaribiwa India, Sri Lanka na Bangladesh, majibu ya mwaka 2021 yalidhihirisha kuwa vifo vilizidi. Nazisihi serikali zetu na wahisani watenge fungu maalumu la utafiti wa lishe, uzazi salama na manjano ya watoto wachanga yawezayo kuudhuru ubongo, ufanywe katika zahanati zetu, na wazazi waketi katika baraza liamualo kipi kitangulie.