Ufukwe Haujalala

Kila nitokapo Iringa kwenda kutembea Matema, kule Kyela, ambako Ziwa Nyasa linakomea chini ya milima ya Livingstone, sikosi msomi mmoja wa kunieleza kwamba ufukwe ule "umelala". Eti ni mchanga mtupu, msitu umeachiwa mlima mzima, na hoteli kubwa hakuna. Nauliza: umelala kwa nani? Siku ya Jumamosi mitumbwi huja kutoka Ikombe imesheheni vyungu vya akina mama wa Kikisi, ikavutwa mchangani pale Lyulilo na soko likaanza. Wavuvi nao huanika dagaa na kushona nyavu zao mchangani humo humo. Je, mtumbwi utapandishwa juu ya ukuta wa zege?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mimi nimefundisha walimu. Mita 60 nazijua, ni kama hatua 90 hivi za mzee. Anayetaka kujenga azihesabu kwanza kuelekea mlimani, ndipo achimbe msingi.