Leseni Mpya, Nithi Usiku

Kuna swali huniingilia kwa simu kila vyuo vikikaribia kufunga, kutoka kwa wasee wa rika langu na wadogo kidogo: "Bro, niko na PDL, naeza toa ndai Embu nifike nayo Meru, ama karao watanishika nikivuka kaunti?"

Jibu la haraka: kaunti si shida. Leseni hutolewa na NTSA na ni moja kwa kaunti zote 47. Hakuna askari wa Tharaka Nithi atakuambia yako imeishia daraja la Thuci. Shida ni kwamba PDL si leseni ya safari, ni ruhusa ya kujifunza. Gari liwe na L mbele na nyuma, na kando yako akae mtu mwenye leseni kamili. Beshte yako mwenye PDL kama yako hahesabiki. PDL mbili hazijumlishwi zikawa leseni.

Hii stori ya mpaka nadhani tumeitoa kwa video za Marekani. Kule ina maana, kwa sababu kila jimbo lina sheria zake. Kijana wa miaka 16 huko New York anaweza kupata leseni ya vijana, lakini haimruhusu kabisa kuendesha ndani ya New York City. Usiku amewekewa masaa, na idadi ya vijana wenzake anaoweza kubeba imewekewa kikomo. Mtu anapewa barabara kidogo kidogo, vile mtoto anapewa simu.

Sisi huku? Kwa vile mambo yanavyoenda, leo wewe ni L, kesho wewe ni dereva. Ukifika miaka 18 unaweza kuendesha gari dogo. Unaenda shule ya udereva, unasimama mbele ya ule ubao wa mji wa kuchora, unasukuma kigari cha kuchezea ukieleza vile utaingia raundabauti. Unataja alama chache, unaendesha gari la ukweli dakika kadhaa mjini, mchana, jua likiwaka. Umepita. Jioni hiyo hiyo mzee anaweza kukurushia funguo za Fielder ukachukue mbogi Embu mwende sherehe Meru, na hakuna mtu ataona kitu cha ajabu hapo.

Sasa angalia hiyo barabara. Ukitoka Embu unapita Runyenjes, unavuka Thuci, unaingia Chuka, halafu Nithi. Mito yote inateremka kutoka Mlima Kenya ikielekea mashariki, na barabara inaikata mmoja baada ya mwingine, kwa hivyo kazi yako ni kushuka bonde, kona, daraja, kupanda, kisha unarudia. Pale Nithi, Julai 2022, basi lililokuwa likienda Mombasa kutoka Meru lilianguka kutoka darajani na watu zaidi ya 30 wakafa. Dereva wa basi si mtoto wa PDL. Ni mtu wa kazi hiyo. Kama mteremko ule ulimshinda yeye, wewe wa ubao na kigari unafikiria nini saa tano usiku, ukungu umeshuka, boda haina taa, na nyuma kuna watu wanne wanakuambia ongeza sauti?

Kuna msee tulikuwa naye darasa moja sekondari. Leseni yake ilikuwa na siku kumi na moja. Hakuwa amelewa, alikuwa na miaka 19, bima ilikuwa sawa. Mvua ikamkuta karibu na Igoji, akaingia nyuma ya lori lililoharibika na kuachwa barabarani bila alama yoyote. Leo anatembea na gongo, na msichana aliyekaa mbele hakufika hospitali. Kwenye matanga watu walizungumza juu ya lori, na mmoja akataja mapepo ya hiyo kona. Hakuna aliyeuliza kwa nini dereva wa siku kumi na moja alikuwa hapo usiku na gari limejaa. Hakuna sheria yoyote alikuwa amevunja, na hapo ndipo mimi hukwama.

Kwa hivyo msimamo wangu, najua wengine mtanitukana: mwaka wa kwanza wa leseni uwe na masharti. Usiku mkubwa, hapana, isipokuwa uko na dereva mzoefu kando yako. Abiria wa rika lako, mmoja. Mchana endesha, hata ukitaka kwenda Moyale.

Nasikia tayari: hiyo ni kuwaongezea karao kitu cha kula barabarani. Ukweli, hapo sina jibu zuri. Roadblock ya usiku itageuka soko, tunajuana. Ndio maana naanza na mwenye gari. Kampuni nyingi za kukodisha magari hazimpi gari mtu wa miaka 19. Bima nyingi humtoza dereva mpya pesa zaidi akigonga. Hao ni watu wa biashara, wamepiga hesabu. Mzazi ndiye pekee anatoa funguo bure.

Na wale wa kusema vijana wanatafuta riziki: nawaelewa kabisa, mimi mwenyewe niliacha chuo na najua kutafuta. Lakini yule kijana anayepewa Probox ya muguka kutoka Mbeere, aambiwe iwe Nairobi kabla soko lichangamke, analipwa kwa mbio. Mwenye mzigo analala kwake. Masharti ya usiku yangempa huyo kijana kitu cha kumwambia tajiri.

Kwa sasa hiyo sheria haiko, na Disemba inakuja. Ukitoka Embu na leseni mpya, toka saa nane mchana. Ukianza kushuka Nithi weka gia ndogo, gari lishikwe na injini, usikanyage breki mteremko mzima mpaka zinuke. Giza likikupata Chuka, pale ni mji wa chuo, vyumba haviko bei mbaya. Changeni, mlale.