Majoka ya Wenzetu na Sindano ya Liyongo

Wako wenzetu, na baadhi yao ni walimu wenye heshima zao, ambao wakisikia kwamba vijana wameizunguka meza, mmoja akijiita mchawi, mwingine mwizi, wa tatu shujaa wa upanga, huku wakirusha dadu na kubishana juu ya joka lisilokuwapo, hutikisa vichwa na kusema, "Huo ni upuuzi wa Kizungu." Wengine huongeza kwamba ni dhambi, na hata huko Marekani miaka ya 1980 walikuwapo wazazi waliosema hivyo hivyo. Sisi tunazikataa hukumu zote mbili. Mchezo huo hatuulaumu kwa ugeni wake, wala hatuusifu kwa ugeni wake. Tunadai kwamba umezifanyia ngano za watu wengine kazi ambayo sisi, tunaojiita watetezi wa utamaduni, tumeshindwa kuzifanyia ngano zetu.

Yafaa kwanza tulieleze jambo lenyewe, maana si haki kushutumu kitu kisichojulikana. Mwaka 1974, katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, ulichapwa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, yaani magereza ya chini ya ardhi na majoka. Walioutunga ni Gary Gygax na Dave Arneson, na nakala za kwanza zilikuwa 1,000 tu. Hauchezwi kwa kete kama bao, wala hauna mshindi. Mmoja wa wachezaji huwa msimulizi. Waliobaki kila mmoja hushika nafasi ya mhusika. Msimulizi huwaeleza walipo na wanachokiona, kisha huwauliza, "Haya, mwafanyaje?" Wakishajibu, dadu huamua kama jambo limefaulu au limeharibika. Asiyetambua kwamba hii ni ngano ya jioni, ambayo wasikilizaji wake wameruhusiwa kuingia ndani, hajapata kukaa miguuni pa bibi yake.

Gygax hakuwa msomi. Sekondari hakuimaliza, alifanya kazi katika kampuni ya bima, na kazi ilipomponyoka akawa fundi viatu. Lakini alikuwa msomaji asiyeshiba, tena alikuwa na adabu moja ambayo waandishi wengi hatuna: aliwataja waliomkopesha. Mwaka 1979, mwishoni mwa kitabu cha kumwongoza msimulizi wa mchezo, aliweka orodha ya waandishi wasiopungua 25 ambao hadithi zao za ajabu zilimpa mali aliyoitumia.

Tuwatazame wachache, kwa kuwa ni hapo penye somo. Katika The Dying Earth, kitabu cha Jack Vance cha mwaka 1950, mchawi huyakariri maneno ya uchawi kabla hajaondoka kwake. Kichwa chake hubeba machache tu, na akishayatamka hufutika katika kumbukumbu, sharti akarudie kitabu. Gygax alilitwaa wazo hilo zima na kuligeuza kanuni: mchezaji aliye mchawi hana budi achague asubuhi kile atakachokihitaji usiku. Na mchawi mwovu mmoja wa mchezo huo, Vecna, jina lake ni herufi za Vance zilizopanguliwa. Malenga wetu wa kale, waliopenda kuficha neno ndani ya neno, wangecheka kwa furaha. Zimwi ambalo ukilikata mkono huota mwingine, na ambalo dawa yake ni moto, limetoka katika Three Hearts and Three Lions ya Poul Anderson, iliyotoka kuwa kitabu mwaka 1961. Fritz Leiber naye, tangu mwaka 1939, alisimulia habari za masahibu wawili, jitu la kaskazini na mwizi mdogo mwepesi, katika mji wa Lankhmar wenye chama cha wezi chenye taratibu na nidhamu kuliko baadhi ya vyama vya ushirika tulivyopata kuvijua. Kila mwizi wa mezani ni mjukuu wa mji huo.

Kuhusu J.R.R. Tolkien, Gygax alipenda kusema kwamba deni lake kwake ni dogo. Hatumwamini sana, maana viumbe wafupi wa Tolkien walikuwamo katika mchezo kwa jina lao lile lile mpaka wenye haki walipolalamika na jina likabadilishwa. Lakini Tolkien mwenyewe alikopa. Alifundisha Kiingereza cha kale katika Chuo Kikuu cha Oxford, na majina ya mbilikimo wake katika The Hobbit, ya mwaka 1937, aliyatoa katika shairi la kale la Iceland. Tazameni basi njia ilivyopita: shairi la wazee likasomwa na mwalimu, mwalimu akatunga riwaya, riwaya ikamfikia fundi viatu, fundi viatu akaifanya mchezo wa watoto wa jirani. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeliogopa shairi kwa kuwa ni la kale, wala aliyelifungia kabatini.

Hapa msomaji mkali atatuuliza: na Afrika je, waandishi hao waliichora namna gani? Waliichora vibaya, na hatutaificha aibu yao. Mtangulizi wao mmoja, Rider Haggard, aliwahi kuishi kusini mwa Afrika, na mwaka 1885 akatoa hadithi ya hazina ya Mfalme Sulemani. Hadithi hiyo tulisomeshwa kwa Kiswahili: Frederick Johnson aliifasiri mwaka 1929 kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, nasi tukaifurahia pasipo kujiuliza kwa nini mali yote iliyo katika ardhi ya Waafrika lazima iwe ya mgeni. Waliomfuata walizidisha. Edgar Rice Burroughs, aliyemwanzisha Tarzan mwaka 1912, hakupata kuikanyaga Afrika, na katika toleo la kwanza la gazeti alitia hata chui-milia katika msitu wetu, mpaka wasomaji wakamrekebisha. Ni kweli kwamba orodha ya Gygax yamtaja kwa hadithi zake za Mirihi, Zuhura na tumbo la dunia, si kwa Tarzan. Lakini mkono ni ule ule. Robert E. Howard wa Texas, baba wa Conan, aliyekufa mwaka 1936 akiwa na miaka 30 tu, alitoa mwaka 1934 kisa cha pwani nyeusi ambayo mabaharia wake weusi wanamwabudu mwanamke mweupe kama mungu. H.P. Lovecraft alitudharau waziwazi. Hawa ndio waliokaa mezani kabla yetu, na kijana wetu anayeupokea mchezo bila kuuliza hupokea na kasumba yao.

Ila kulalamika ni kazi nyepesi, nasi tumeifanya miaka mingi katika semina na makongamano, chai ikiwapo. Alikuwapo mtu aliyefanya kazi nzito. Charles Saunders, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Pennsylvania mwaka 1946 na kuhamia Kanada mwaka 1969, alimpenda Howard na wakati huo huo alichomwa naye. Katika miaka ya 1970, miaka ile ile mchezo wa Gygax ulipokuwa unazaliwa, alianza kutunga habari za Imaro, shujaa Mwafrika katika bara la kubuni lenye wafugaji mashujaa wanaotukumbusha Wamasai, wachawi wa kweli na wanyama wa kwetu. Kitabu kilipochapwa mwaka 1981, mchapishaji aliandika jaladani kwamba huyu ni Tarzan mweusi; warithi wa Burroughs wakatishia mashtaka, na kitabu kikacheleweshwa. Yaani hata alipomkimbia Tarzan, Tarzan alimfuata mpaka mlangoni. Saunders alifariki Kanada mwaka 2020.

Na bara lake aliliitaje? Aliliita Nyumbani. Neno hilo ni letu, la kila siku, la mtoto anayerudi kutoka shuleni. Mtu aliyezaliwa mbali, ambaye babu zake walinyang'anywa lugha zao, alikuja mpaka katika Kiswahili akaokota neno moja na kujengea juu yake bara zima. Sisi tulio na maneno yote tumejenga nini? Ni walimu wangapi wanaosoma ukurasa huu waliopata kulisikia jina la Saunders?

Tusiambiwe kwamba ubunifu wa nchi zisizokuwapo si jadi yetu. Shaaban Robert aliiweka Kusadikika angani mwaka 1951, wala hakuna aliyemwambia aishushe. Kasoro haiko katika jadi. Iko katika desturi yetu ya kuhifadhi. Katika utumishi wetu tumeyaona majalada ya ngano zilizokusanywa vijijini kwa jasho, zikapigwa chapa, zikatiwa namba, zikafungwa kamba. Na anayeziomba huulizwa anazitakia nini. Darasani nako twauliza: taja sifa 5 za shujaa. Mwanafunzi huzitaja, hupata alama, husahau. Jioni huenda kucheza na majoka ya Wisconsin, kwa kuwa huko anaulizwa atafanya nini.

Mtazameni Fumo Liyongo, ambaye Muhammad Kijumwa wa Lamu alimtungia utenzi mwaka 1913. Shujaa asiyedhurika kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni: je, hilo lina upungufu gani mbele ya zimwi la Anderson? Amefungwa gerezani, minyororo mwilini, walinzi mlangoni. Chakula kizuri anacholetewa na Saada hutwaliwa na walinzi. Nje ziko ngoma za gungu. Hili ndilo gereza lenyewe ambalo Wamarekani waliuitia mchezo wao, nalo lilikuwako Pwani kabla yao.

Basi mwalimu wa kidato cha pili na ajaribu jambo hili kabla hajausoma utenzi darasani. Awaweke wanafunzi 5 gerezani pamoja na Liyongo, awaambie walicho nacho: mama aliye mbali, mjakazi mwaminifu, walinzi walafi, na wimbo. Asiwaambie habari ya mkate wa wishwa wala tupa iliyofichwa ndani yake. Awaulize, "Haya, mwafanyaje?" Watatoa njia ambazo Kijumwa hakuziandika, na baadhi zitawaua. Dadu za pande 6 zapatikana dukani. Zile za pande 20 zikikosekana, vikaratasi 20 vyenye namba ndani ya kofia vyatosha.