Insha Si Homilia

Kila parokia au seminari inapotangaza shindano la insha, watu huuliza kwanza zawadi ni nini. Swali gumu huja baadaye: ni nani ataamua, na kwa kipimo gani? Sisi tulioketi kuzipima insha za vijana wa Shinyanga na Geita juu ya dhahabu na jirani tunapenda kueleza kipimo chetu. Baadhi ya wasomaji wametuuliza kwa nini insha yenye Kiswahili kilichonyooka na aya nyingi za Maandiko Matakatifu haikushika nafasi ya kwanza.

Jibu letu ni hili: insha si homilia. Nyingi kati ya zile tulizosoma zilifuata njia moja. Zilianza na ndama wa dhahabu kule jangwani, zikapita kwa Yuda na vile vipande 30 vya fedha, zikamaliza kwa kuwaonya wachimbaji juu ya tamaa. Hakuna uongo ndani yake. Lakini msomaji hawezi kujua kama mwandishi anaishi Kakola, Nyarugusu au Roma. Hakuna duara, hakuna karasha, hakuna mtu. Jirani aliyetajwa kwenye mada hakuonekana kabisa.

Insha iliyoshinda ilikuwa na makosa ya tahajia, na Kisukuma kilipenya hapa na pale. Ilimweleza mama anayenunua marudio, yaani mchanga ambao wengine wamekwisha kuuosha, akauosha tena kwenye mwalo huku mtoto yuko mgongoni. Ilieleza jinsi anavyochanganya zebaki kwa mikono mitupu ndani ya karai ili ishike chembe za dhahabu, kisha anavyolichoma bonge lake juu ya jiko lile lile la mkaa analopikia ugali. Moshi wa zebaki hudhuru ubongo na neva, na mtoto aliye tumboni yumo hatarini zaidi. Mwandishi hakumlaani mama huyo, wala hakumpamba. Aliuliza tu: tunapopokea sadaka yake Jumapili, tunajua imemgharimu nini?

Swali hilo linatoka moja kwa moja kwenye Injili, ingawa mwandishi hakutaja sura wala aya. Katika Marko 12, Bwana wetu anaketi kuelekea sanduku la hazina na kutazama watu wanavyotoa. Hahesabu sarafu tu. Anatambua kile ambacho sarafu mbili za mjane zimemwachia mjane mwenyewe, yaani si kitu. Anatazama kwanza, ndipo anafundisha. Mwandishi wetu alifuata mpango huo huo, na sisi tulimpa alama kwa ajili yake.

Kuna mfano mwingine wa karibu. Julius Nyerere, ambaye leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu, alishiriki shindano la uandishi la Afrika Mashariki akiwa mwanafunzi wa Makerere, alikosoma kati ya 1943 na 1945. Aliyachukua mawazo ya Mwingereza John Stuart Mill kuhusu kukandamizwa kwa wanawake, akayapima kwa maisha ya Wazanaki, watu wake mwenyewe. Akashika nafasi ya kwanza. Angeweza kueleza vizuri kitabu cha Mill na kuishia hapo. Lakini alikuwa mwana wa mtemi mwenye wake wengi, na alilipeleka wazo hilo nyumbani, mahali ambapo kulisema kulikuwa na gharama.

Wapo wanaosema kwamba waseminari watakuwa mapadre, na padre asiyejua Kiswahili fasaha huwachosha waamini. Tunakubali. Ndiyo maana katika alama 100 lugha tuliipa 30, mpangilio wa hoja 30, na mambo ambayo mwandishi ameyaona na kuyapima mwenyewe 40. Tahajia hurekebishwa na mhariri kwa mchana mmoja. Hakuna mhariri anayeweza kumpa mwandishi jambo ambalo hakwenda kuliona.

Wengine wamependekeza mshindi apatikane kwa kura za simu. Hoja hiyo ina mizizi kwetu. Katika sherehe za Bulabo kule Bujora, karibu na sikukuu ya Ekaristi, sherehe ambazo Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alizisimamia na kuzikuza, Bagika na Bagalu hucheza kwa wakati mmoja, na umati ndio mwamuzi: kundi linalovuta watu wengi ndilo linaloshinda. Kwa ngoma, hiyo ni haki, maana kila aliyepo uwanjani anaziona pande zote mbili. Insha haiko hivyo. Mpiga kura anaweza kumchagua binamu yake bila kusoma hata ukurasa mmoja, na mwandishi aliyetoka kigango cha mbali, pasipo mtandao, ameshindwa kabla ya kuanza. Kwa sababu hiyo hiyo tulisoma insha zikiwa na namba tu, majina yakiwa yamefichwa. Kwenye parokia zetu kila mtu ni mtoto wa mtu.

Hatusemi haya kujitetea. Zawadi ni fundisho. Tunachokizawadia mwaka huu ndicho tutakachoandikiwa mwaka ujao. Tukizawadia aya zilizopangwa vizuri, vijana watatuletea aya. Na miaka kumi baadaye, vijana hao hao watasimama mimbarini mbele ya wachimbaji na kuwaambia mambo ambayo wachimbaji walikwisha kuyasikia, huku yule mama wa mwalo akiwa ameketi benchi la nyuma, hajatajwa.

Kwa ninyi ambao insha zenu hazikushinda: zihifadhini, zina msingi mzuri. Kabla ya shindano lijalo, chukueni baiskeli, nendeni kwenye mwalo ulio karibu, mkae na watu hadi jioni, muulize bei ya marudio na ada ya karasha. Kisha rudini kwenye Marko 12. Mtaona kwamba mna jambo la kuandika.