Nguruwe aandikwe kwa jina la kijana

Ndugu washiriki wa koperative, katika kila mkutano tunaokaa pamoja, wazee wanarudilia neno moja: vijana wa siku hizi hawapendi kazi ya udongo. Wanataka pikipiki, wanataka telefone, wanataka kwenda Kamituga kuchimba dhahabu. Sisi maagronomu tunaozunguka Walungu na Kabare tunasikia neno hilo, lakini tunaona na jambo lingine. Kijana yule yule anayelala mpaka jua lipande siku ya kulima muhogo, anaamka mbele ya jogoo kwenda kukata majani ya viazi, juu nguruwe wake analia njaa. Hakuna mtu aliyemtuma. Basi tusiseme vijana hawapendi kazi. Tuulize ni nini wanachopenda kwa nguruwe, na kwa nini hawakioni katika shamba la baba.

Sababu ya kwanza kila mtu anaijua, hatutakawia hapo. Ng'ombe ni wa baba, tena hapa Kivu, tangu vita vya 1996, ng'ombe wengi walinyang'anywa na hawakurudi. Muhogo unangoja mwaka mzima au zaidi. Nguruwe anabeba mimba siku 114, yaani miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, kiisha anazaa sita, nane, pengine kumi. Hesabu hiyo kijana anaielewa bila mwalimu.

Sababu ya pili wazee wanaichekelea, na sisi tunaona si ya kuchekwa. Nguruwe ana akili. Anajua sauti ya mtu anayemlisha, anajua saa, anachagua mwenyewe kona ya kuachia mavi kama kiraro kina nafasi ya kutosha. Kijana anamupa jina, anamupangusa, anatengeneza mlango wa mbao uliovunjika bila kuambiwa. Munasema ni mchezo wa watoto. Lakini mtu anayejua mnyama wake kwa jina ndiye anayeona asubuhi kwamba leo hakumaliza chakula, na hiyo ndiyo alama ya kwanza ya magonjwa mengi. Baba mwenye nguruwe wanane asiowaangalia anaijua homa siku wawili wamekufa.

Sababu ya tatu ndiyo tunataka kukaa juu yake: kijana anapenda kazi yake ionekane. Akilima shamba la familia, mavuno ni ya familia, na sifa inakwenda kwa mwenye shamba. Nguruwe mnene anasimama pale kirarioni, majirani wanapita, wanauliza: "Huyu ni wa nani?" Jibu la swali hilo lina nguvu kuliko masomo yetu yote.

Marekani waliielewa mapema. Huko kuna vikundi vya vijana vya vijijini vinavyoitwa 4-H, vilivyoanza mwanzo wa karne iliyopita. Hizo herufi nne ni za kichwa, moyo, mikono na afya. Kuna na FFA, chama cha wanafunzi wa kilimo, kilichoanzishwa 1928. Mtoto anachukua kiguruwe kimoja, anakilisha miezi kadhaa, anaandika katika kaye yake kila kitu alichonunua, kiisha wakati wa likizo anakipeleka kwenye maonyesho ya wilaya yao. Anamutembeza mbele ya mwamuzi kwa kifimbo chepesi, bila kamba, akimuongoza kwa kumugusa tu. Na kuna shindano moja pale ambalo sisi tunalipenda sana: mwamuzi haangalii uzuri wa nguruwe, anaangalia kijana. Anamuuliza nguruwe huyu anakula nini, ana uzito gani, anamuongoza namna gani. Mtoto wa masikini mwenye nguruwe mdogo anaweza kumushinda mtoto wa tajiri aliyenunua kiguruwe cha bei kali.

Hatusemi tufanye kama Marekani. Wao wana vyakula vya viwanda, wana waganga wa mifugo karibu, nguruwe wa maonyesho yao wanapita kilo 110. Tunachosema ni kwamba mambo mawili ya kule yanawezekana hapa bila franga nyingi: mnyama kuwa wa kijana kweli, na siku moja ya kuonyesha kazi yake mbele ya watu.

Tuanze na hilo la kwanza, juu ndipo pana shida. Mara ngapi tumeona hivi: koperative inagawa viguruwe, kijana anachukua kimoja, anakilea miezi minane. Siku ya kuuzisha, baba anakuja na mnunuzi. Franga zinalipa deni la hospitali, au mahari ya kaka mkubwa, au zinapotelea kwa kasiksi. Hatuhukumu, deni la hospitali ni deni. Lakini kijana anapewa nini? Anapewa shati, au hapewi kitu. Duru ya pili munamuita kuchukua kiguruwe kingine, hayupo, amekwenda kwenye machimbo. Halafu komite inaandika katika ripoti kwamba vijana hawana uvumilivu.

Msimamo wetu ni huu: kiguruwe cha koperative kiandikwe katika kitabu kwa jina la kijana, awe mvulana au binti, na baba atie sahihi ya kukubali mbele ya komite siku hiyo hiyo, si siku ya kuuzisha. Franga zikitoka, sehemu ya nyumba ipangwe tangu mwanzo kwa maneno ya wazi. Tuseme sehemu moja kwa tatu inakwenda kwa familia, juu familia ilitoa kiraro na majani ya viazi, na sehemu mbili zinaingia katika AVEC kwa jina la kijana, pamoja na kurudisha kiguruwe kimoja kwa koperative kama mnyama ni jike la kuzaa. Kila koperative itaamua hesabu yake. Lakini iamuliwe mbele, iandikwe, isomwe mkutanoni. Binti anahitaji maandishi haya kuliko mvulana, munajua sababu.

Wazee fulani watasema tunawapa watoto kiburi. Sisi tunaona kinyume. Kijana mwenye jina katika kitabu anakuja kwenye mkutano, anauliza maswali, na anaumia akifanya vibaya, juu hasara ni yake.

Kuna chombo kimoja kidogo ambacho vijana wanakipenda kuliko vitu vyote tulivyowaletea: ile kamba ya kupimia ya fundi wa nguo. Nguruwe anaweza kupimwa uzito bila mizani. Unapima kifua kwa kuzungusha kamba nyuma ya miguu ya mbele. Unapima urefu kutoka katikati ya masikio mpaka pale mkia unapoanzia. Vipimo vyote viandikwe kwa meta. Kifua unakizidisha kwa kifua, kiisha kwa urefu, kiisha kwa 69.3. Nguruwe mwenye kifua cha meta 0.90 na urefu wa meta 0.95 ana kilo kama 53. Si mizani kamili, nguruwe akitikisika kamba inadanganya, kwa hiyo pimeni mara tatu, asubuhi, mbele ya chakula. Lakini mnunuzi anayekuja na macho yake tu na kusema "huyu hapiti thelathini" atakutana na kijana mwenye biki na kaye. Tumeshuhudia mazungumzo ya bei yakibadilika hapo hapo. Kijana anayepima kila juma mbili anaona pia chakula gani kinajenga mwili: juma aliloongeza vumbi ya sambaza kidogo, au soya iliyokaangwa, kamba inasema. Na juma alilotupa majani mabichi ya muhogo mchungu bila kuyaanika wala kuyapika, nguruwe anaweza kulegea au kufa, juu yana sumu. Hilo tulirudilie kila mara.

Sasa maonyesho. Hapa tunakwenda polepole, juu tunaweza kuharibu tulichojenga. Munaijua homa ya nguruwe, ile PPA. Haina dawa, na hapa kwetu hatuna chanjo. Mtu hapati ugonjwa huo, lakini viatu vyake vinaubeba, na nyama inaubeba, na mabaki ya chakula kutoka sokoni yanaubeba. Kukusanya nguruwe wa vijiji kumi uwanjani, halafu kila mmoja arudi nyumbani kwake jioni, ni kugawa kifo kwa vijiji kumi. Koperative yoyote inayopanga sherehe ya namna hiyo tutaipinga wazi, hata kama viongozi wamekwisha kualikwa na viti vimekwisha kukodishwa.

Hata Marekani, ambako PPA haijafika, maonyesho yaliwahi kuleta shida: mwaka 2012 mafua ya nguruwe yaliambukiza watu zaidi ya 300, wengi wao watoto waliokuwa karibu na nguruwe kwenye maonyesho. Sehemu nyingi kule zina aina ya maonyesho ambayo kila nguruwe aliyeingia uwanjani hatoki kurudi nyumbani, anakwenda kuchinjwa. Sheria hiyo inatufaa sisi.

Tunapendekeza hivi. Majike ya kuzaa na madume yasitoke kirarioni hata siku moja. Kijana mwenye jike la kuzaa anakuja na kaye yake na picha kwa telefone, na anahojiwa juu ya hizo. Nguruwe wa kunona tu ndio wanakuja, siku ya soko la karibu na bonane, wakati ambapo wote wangeuzishwa na kuchinjwa vilevile. Wanaangaliwa, vijana wanahojiwa mbele ya watu, wanunuzi wanapandisha bei, na hakuna nguruwe anayerudi, hata aliyekosa mnunuzi mzuri. Mkaguzi wa mifugo wa serikali awepo, na aulizwe ruhusa mapema. Wakati wa kuondoka, viatu visafishwe udongo wote kwanza, kiisha vipitishwe katika maji ya dawa, juu dawa haifanyi kazi juu ya matope. Kukiwa na habari ya nguruwe kufa katika grupema, masikio na tumbo kugeuka mekundu au ya zambarau, hakuna maonyesho mwaka huo. Na asiwepo mtu wa kuuzisha haraka mgonjwa wake kwa bei ya chini; hiyo ndiyo njia homa inatumia kusafiri kutoka kilima mpaka kilima.

Tunajua kijana ataumia siku nguruwe wake wa jina anapokwenda kuchinjwa. Wengine wanalia, na si watoto wadogo tu. Hatuoni haja ya kuwaficha. Mwambieni tangu siku ya kwanza kwamba huyu ni wa bonane, na mumupe yeye mwenyewe kuhesabu franga.

Zawadi isiwe televisheni wala kombe la kupanga kabatini. Mabati mawili ya kiraro, ndoo, mfuko wa simenti kwa sakafu, au kiguruwe cha kike kwa mshindi. Na waamuzi wakumbuke lile shindano la kule: nusu ya alama iwe ya kijana. Aulizwe choo cha nyumbani kwao kiko wapi na nguruwe anafungiwa namna gani, juu nguruwe anayezurura na kula mavi ya watu ndiye anayeleta minyoo ya tenia mezani kwetu.

Wako ndugu ambao imani yao haikubali nguruwe, Waislamu na Waadventista wengi kati yetu. Jina katika kitabu na kaye ya kupima vinafaa kwa sungura na kwa mbuzi vilevile, na watoto wao wasiachwe nje ya siku hiyo.

Kwa koperative zitakazokubali, kalenda ni fupi kuliko munavyofikiri. Jike akipandishwa katikati ya mwezi wa kwanza, anazaa wiki ya pili ya mwezi wa tano. Viguruwe vinaachishwa maziwa baada ya wiki nane, mwanzo wa mwezi wa saba, wakati shule zinafunga na vijana wako nyumbani. Hapo ndipo vigawanywe, mbele ya kitabu kilicho wazi na baba zao wakiwepo. Kutoka hapo mpaka bonane kuna miezi sita. Komite zinazotaka kamba za kupimia na mfano wa karatasi ya makubaliano ziseme kwa agronomu wao mbele ya mwisho wa mwezi wa kumi na moja, tupate wakati wa kuangalia madume ya kupandisha.