MTAMBO WA KUPIMA DAMU YA MIFUGO



Twaona waganga wa mifugo wakitamani mtambo wa kuhesabu damu, nasi makarani ndio tuandikao hati za kuununua. Basi yafaa tujue twaandika nini, maana fedha ni za watu wote, na ng'ombe ni akiba ya mwenyewe.

Asili ya mitambo hii ni kazi ya Bwana Wallace Coulter wa Marekani, aliyepewa hati ya uvumbuzi wake mwaka 1953. Damu huchanganywa na maji ya chumvi yapitishayo umeme, kisha huvutwa katika kitundu chembamba. Kila chembe ipitapo huuzuia umeme kidogo, na mtambo huhesabu vizuizi hivyo na kukadiria ukubwa wa chembe. Kazi ya muda mrefu humalizika kwa dakika chache. Hilo ni jema, wala hatulipingi.

Lakini mnyama si mtu, wala wanyama hawalingani. Chembe nyekundu ya mbwa ina upana wa mikroni 7 hivi. Ya mbuzi haizidi sana 4. Mtambo usiopangwa kwa mbuzi utazikosa nyingi. Na chembe nyekundu za kuku zina kiini, hata mtambo waweza kuzidhani ni nyeupe.

Tena, hesabu siyo ugonjwa. Ng'ombe mwenye nagana na mwenye minyoo inyonyayo damu wote huonekana wamepungukiwa damu, na dawa ya huyu haimfai yule. Mwenye ndigana kali aweza kuonekana ana chembe nyeupe chache tu. Lakini mtu aliyefunzwa, akitazama kwa darubini maji ya tezi yaliyopakwa kiooni na kutiwa rangi, humwona mdudu mwenyewe. Karatasi ya mtambo ikisomwa peke yake, ng'ombe atakufa na tarakimu zake nzuri mkononi mwa mchungaji.

Kwa hiyo twashauri, kabla ya kutia sahihi, yaulizwe haya. Je, mtambo una mpango wa ng'ombe, mbuzi na kondoo, au wa mbwa na paka tu? Dawa zake za mwaka mzima ni bei gani, na zauzwa na mwenye mtambo peke yake? Ukiharibika, fundi yuko wapi, na umeme ukikatika itakuwaje? Kisha ujaribiwe: damu moja ipimwe mara mbili, na jibu lilinganishwe na kipimo cha damu iliyozungushwa katika kijineli cha kioo. Majibu yakipishana sana, usinunuliwe.

Ukifaulu, na ununuliwe. Lakini asiondolewe msomaji wa vioo kwa kisingizio cha kupunguza gharama, kwani yeye ndiye aonaye kile ambacho mtambo hukihesabu bila kukijua. Wazee walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.