Pombe Hula Chombo Chake

Leo tuingie jikoni kwa mlango wa nyuma, mahali yanapowekwa mapipa. Wapo watakaokunja uso wakiona ukurasa wa familia unazungumzia pombe. Hata hivyo, hatuna budi kukiri kwamba katika nyumba nyingi za Mbulu na Hanang pombe ya mtama, ile ambayo Wairaqw huiita buura, imo katika mambo ya familia. Huitia watu wa kuvuna, hukaribisha wakwe, na huwekwa mbele ya wazee wanapobariki. Kitu kinachoingia vinywani mwa watu wetu wengi namna hiyo chastahili kuangaliwa kimetiwa ndani ya nini.

Shangazi yangu aliolewa Jorodom, chini ya mlima Hanang, huko inakoanzia njia moja ya kupandia mlima huo unaozidi mita 3,400. Mwaka mmoja, mavuno yalipokaribia, chungu chake kikubwa kilipasuka. Alikwenda mnadani akanunua pipa la plastiki la rangi ya buluu, la lita 200. Muuzaji alimwambia lilikuwa na maji ya matunda. Ubavuni palikuwa na alama ya karatasi iliyobanduliwa, lakini pipa lilikuwa zima, bei ilikuwa nafuu, na siku zilikuwa zimebaki chache. Alilisafisha mara tatu kwa maji baridi na sabuni, akalinusa, akaridhika.

Siku ya kupika alimimina uji wa moto ndani yake. Siku ya kuvuna walikuja watu wapatao ishirini na mundu zao. Alipofunua kifuniko, ilipanda harufu ya dawa ya shambani. Maji baridi hayakuweza kuitoa harufu ile. Uji wa moto uliitoa. Mzee mmoja alisema tuionje kidogo, huenda ni ukali wa kimea. Shangazi alimtazama, kisha akaniita: "Mwanangu, shika upande ule." Tukalilaza pipa, na mtama wa debe mbili ukaenda na maji mbele ya macho ya wageni. Sijawahi kumwona shangazi akiona haya kama siku ile, na sijawahi kumwona akifanya jambo la busara kuliko lile.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuuliza habari za vyombo. Niliyojifunza ni haya: pombe ni chachu, na chachu hula. Uji unapochacha huwa na ukali wa asidi, nao hukaa ndani ya chombo siku mbili, tatu, hata zaidi katika baridi ya mlimani. Kitu chochote kilichomo katika ukuta wa chombo, kiwe madini au sumu iliyonywewa na plastiki, hupata muda wa kutosha kuingia katika kinywaji. Kwa hiyo anayechagua chombo cha pombe aulize maswali mawili kabla ya kuuliza bei: kimetengenezwa kwa nini, na kabla ya leo kilibeba nini?

Tuanze na pipa lenyewe. Pipa la plastiki linafaa, almradi liwe la chakula tangu mwanzo. Ligeuze uangalie chini yake. Plastiki nzito inayofaa kazi hii aghalabu huwa na alama ya pembetatu yenye namba 2, na chombo kilichokusudiwa chakula huweza kuwa na picha ya glasi na uma. Namba ya pembetatu hutaja aina ya plastiki tu. Haikuambii pipa lilibeba nini. Pipa lililowahi kubeba dawa ya mimea, mafuta au rangi lisitumiwe kwa chakula kamwe, hata lioshwe mara kumi, kwa kuwa plastiki hunywa kile ilichobeba. Karatasi iliyobanduliwa ni sababu tosha ya kuliacha pipa mnadani. Na usilisugue kwa mchanga wala waya: kila mkwaruzo ni nyumba ya vijidudu ambavyo kitambaa hakivifikii.

Pipa la bati lililopakwa zinki, lile linalong'aa kama paa jipya, lafaa kwa maji. Ukitia pombe ndani yake, ukali huyeyusha zinki, na wanywaji hushikwa na kichefuchefu, kutapika na msokoto wa tumbo. Pipa tupu la chuma, lisilopakwa kitu, lina madhara ya pole pole zaidi. Huko Afrika Kusini, mwaka 1929, daktari Strachan aliyefanya kazi Johannesburg alieleza habari za watu waliokutwa na chuma kingi mno katika maini yao. Uchunguzi wa miaka iliyofuata ulionyesha kwamba chanzo kikubwa kilikuwa pombe ya kienyeji iliyopikwa na kuchachushwa katika vyombo vya chuma. Mwili huhitaji chuma kidogo. Kikizidi mwaka baada ya mwaka, ini huharibika. Mnywaji hakuonja kitu kibaya siku hata moja.

Sufuria ya alumini yaweza kupikia uji, lakini usiache pombe ilale humo. Chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi hukiita stenlesi, ndicho bora kuliko vyote, na ndicho kinachotengenezewa mapipa ya bia za viwandani. Bei yake ni kubwa. Ukiuziwa kwa jina hilo, chukua sumaku ndogo: aina inayotumiwa zaidi kwa vyakula haivutwi sana na sumaku. Kipimo hiki hakitoshelezi peke yake, kwa kuwa zipo aina nyingine za stenlesi zinazovutwa. Lakini bati lililopakwa rangi ya fedha litajulikana mara moja.

Je, chungu cha udongo? Chungu cha wazee wetu hakina lawama, maadamu hakijapakwa rangi ya kung'aa, kwa kuwa rangi nyingine za namna hiyo huwa na madini ya risasi. Udongo hutoa jasho, na jasho likikauka hupoza kilichomo. Vinyweleo vyake pia huhifadhi chachu ya mara iliyopita, ndiyo maana chungu kikuukuu huchachusha upesi. Kasoro yake ni hiyo hiyo: kikihifadhi chachu njema huhifadhi na mbaya. Pombe ikigeuka siki mara mbili mfululizo, kipumzishe chungu kwa kazi nyingine.

Sasa tuje kwenye koki, kifaa kilichoanza kupendwa na wapishi wa nyumbani, na kwa sababu njema. Pombe inayotoka kwa koki haichotwi kwa kata iliyopita katika mikono kumi. Weka pipa juu ya kigoda imara kilichofika magotini. Uzito wa pombe wenyewe utaisukuma, hutahitaji pampu. Toboa tundu upana wa vidole vinne juu ya kitako, ili machicha yabaki chini. Chagua koki ya plastiki ya chakula au ya stenlesi, inayofunguka yote ikaoshwa ndani. Koki za shaba ya manjano zinazouzwa kwa ajili ya mabomba ya maji mara nyingi zimechanganywa na risasi kidogo ili zichongeke kwa urahisi. Kama huna nyingine, usiiache pombe ilale ndani yake, na kikombe cha kwanza cha asubuhi kimwage. Mahali palipovuja pasizibwe kwa lehemu ya risasi wala gundi ya viatu. Nunua washa mpya ya mpira.

Mpira wa kupitishia pombe nao una mambo yake. Mpira wa kumwagilia bustani haukutengenezwa kwa kinywaji. Ladha yake huhamia katika pombe, na kinachohama si ladha peke yake. Tafuta mpira mweupe unaopenya nuru, uliokusudiwa chakula, uwe mfupi, ili uone uchafu ukianza kushika ndani. Ukishindwa kuusafisha, utupe. Hiki ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote, nacho ndicho wengi hukionea huruma.

Kuhusu kifuniko, nakusihi uwe mwangalifu. Kilo 1 ya sukari ikichachuka yote hutoa hewa ya kabonidioksidi ipatayo lita 250, zaidi ya ujazo wa pipa zima. Hewa hiyo lazima ipate njia. Dumu lililokazwa kifuniko huvimba, na mtungi wa kioo huweza kupasuka usoni mwa mtoto. Funika kwa kitambaa safi siku ya kwanza, wakati wa kuchemka sana. Baadaye weka kifuniko chenye mpira mwembamba unaotumbukia katika chupa ya maji: hewa itatoka, nzi na vumbi havitaingia. Na chumba chenye mapipa kisifungwe madirisha, kwa kuwa hewa hiyo hutuama chini, anapolala mtoto.

Wako vijana wanaotamani mtambo kamili kama wa baa, wenye mtungi wa gesi unaosukuma bia mpaka kwenye koki. Hapo usibahatishe. Mtungi wa gesi umejaa nguvu kubwa, na lazima uwe na kirekebisha gesi kizima chenye saa inayosomeka na mlango wa usalama. Pipa nalo liwe lililotengenezwa kuhimili msukumo. Pipa la plastiki la mnadani halikutengenezwa kwa kazi hiyo, litapasuka.

Yabaki mawili ya kukumbushana. Kwanza, chombo chema hakiponyi nafaka mbovu. Mwaka 2016 sumu ya kuvu katika mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo. Punje iliyoota ukungu isipelekwe kwenye kimea kwa kisingizio kwamba ni ya pombe tu. Pili, anayepika kwa kuuza akumbuke kwamba Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 yataka awe na leseni.

Huenda utauliza, msomaji, siku ile ya mavuno iliishaje. Watu hawakuondoka. Shangazi alipika uji mtamu, wakavuna mpaka jua lilipozama, na yule mzee aliyetaka tuonje ndiye aliyeanzisha wimbo. Pipa la buluu alilitoboa matundu mengi, kitako na ubavuni, ili asije mtu mwingine akalinunua. Leo ana pipa jingine juu ya kigoda, lenye koki ya plastiki anayoifungua na kuiosha kila Jumamosi. Na kila anapoletewa chombo, hata kama ni zawadi, hukishika mikononi akauliza: "Kilikuwa cha nani, na alikuwa akitia nini?" Asipopata jibu, hukirudisha kwa shukrani.